Tiki nilizoondoa zikarudi zote: uzoefu wangu na programu ya stoo na mauzo

Naanza na nyota mbili, na huenda nikapunguza kabla sijamaliza kuandika.

Programu yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni ile skrini ya kuchagua vipengele wakati wa kusakinisha. Inakuonyesha orodha nzuri: programu kuu, ripoti, seva ya hifadhidata, draiva za printa za risiti, data za mfano, faili za lugha. Mashine ikiwa tayari ina PostgreSQL yake (seva ya hifadhidata ileile wanayokuletea), unaondoa tiki kwenye seva ya hifadhidata, unabakiza programu kuu na ripoti, na kazi inakwenda vizuri kabisa.

Mpaka toleo jipya litoke. Lilipotoka hivi karibuni, sasisho lilijiendesha kimyakimya, bila kuonyesha skrini yoyote, likaweka kila kitu. Seva yao ikataka poti 5432, yaani mlango wa mawasiliano ambao PostgreSQL huutumia kwa kawaida, ikakuta imeshashikwa, ikashindwa kuwaka. Hapo bado si tatizo. Tatizo ni kwamba faili la mipangilio nalo liliandikwa upya lielekee kwenye seva hiyo iliyokufa, badala ya ile iliyokuwa inafanya kazi. Ukifungua programu unapata ujumbe mmoja tu: hifadhidata haipatikani. Mauzo yamesimama, na data ipo palepale, nzima, hakuna aliyeigusa.

Nikaandika huduma kwa wateja. Jibu: “Ndugu mteja, diski za siku hizi ni kubwa. Sakinisha vyote tu.”

Diski! Nani alilalamika kuhusu diski? Seva ya hifadhidata si picha iliyolala kwenye folda. Inawaka kila kompyuta inapowashwa, inakula RAM, inasikiliza poti, na ina nywila ambayo mtu alipaswa kuipanga. Draiva ya printa usiyokuwa nayo ni kitu kingine kitakachohitaji kusasishwa. Mtu wa kitengo cha ufundi anayeona hayo yote ni suala la nafasi tu, huyo anahitaji kupewa kazi nyingine. Nyota moja.

Chanzo chenyewe ni uzembe mdogo sana, ndiyo maana unaudhi. Kisakinishi chao kimeundwa kwa Inno Setup, zana ya kutengenezea visakinishi vya Windows, na Inno Setup kwa kawaida hukumbuka. Huandika kwenye rejista ya Windows, yaani ghala lake la mipangilio, vipengele ulivyochagua na ulivyokataa, chini ya kitambulisho cha programu kiitwacho AppId. Toleo jipya likija na AppId ileile, linasoma chaguo lako la zamani na kulifuata. Hawa wameingiza namba ya toleo ndani ya AppId, kwa hiyo kila toleo kubwa linaingia kama programu ngeni isiyo na historia, na programu ngeni ikisakinishwa kimya inachukua aina ya kwanza kwenye orodha, yaani kamili. Fungua folda ya programu: ukikuta viondoaji viwili, unins000.exe na unins001.exe, pamoja, umepatikana. Kwenye orodha ya programu za Windows nako jina litatokea mara mbili.

Na usikimbilie kuondoa lile jina la zamani! Matoleo yote mawili yamo kwenye folda moja, na kiondoaji cha zamani kina orodha yake ya mafaili, mengi yakiwa na majina yaleyale ya toleo jipya. Ukikiendesha, kinafagia programu unayoitumia.

Kuendesha kisakinishi upya na kuondoa tiki nako hakusaidii. Kinakuonya, kwa haki kabisa, kwamba kuondoa tiki hakutaondoa kipengele kilichokwisha kuwekwa. Ni kumfuta mgeni kwenye orodha ya walioalikwa wakati ameshakaa sebuleni. Kisakinishi cha aina ya MSI, ule mfumo wa usakinishaji wa Windows wenyewe, kingekuruhusu kurudi, kubonyeza Badilisha na kung'oa kipengele kimoja. Hapa hakuna njia hiyo.

Kinachofanya kazi ni hiki. Chukua nakala ya hifadhidata na ya faili la mipangilio, uziweke nje ya folda ya programu. Ondoa matoleo yote mawili. Fungua services.msc, orodha ya huduma za Windows, uhakikishe ile seva yao haijabaki kwenye huduma. Kisha endesha kisakinishi kwa mkono kutoka kwenye dirisha la amri:

setup.exe /SAVEINF="D:\chaguo.inf" /LOG="D:\logi.txt"

Amri hiyo inahifadhi chaguo zako kwenye chaguo.inf, na kumbukumbu ya usakinishaji kwenye logi.txt. Chagua unavyotaka, maliza. Fungua chaguo.inf kwa Notepad: mstari wa Components= una majina halisi ya vipengele, ambayo si lazima yafanane na yale ya kwenye skrini. Rudisha faili lako la mipangilio, kisha zima sasisho la kujiendesha. Toleo lijalo utatumia /LOADINF="D:\chaguo.inf", au utaje vipengele mwenyewe kwa /COMPONENTS="kuu,ripoti", ukiweka majina uliyoyakuta kwenye faili. Usivyovitaja havichaguliwi, isipokuwa vile vyenye tiki ya kijivu ambavyo waundaji wamevifunga. Waundaji wakibadilisha jina la kipengele, kwenye toleo hilo hutakipata, kwa hiyo soma logi kabla ya kufungua programu.

Haya yote mtu wa huduma angeweza kuyaandika kwa mistari mitatu. Au mwundaji angetoa tarakimu chache kwenye AppId na sisi wote tukalala.

Nyota moja, basi. Ingawa zile ripoti za stoo, bidhaa zinazokaribia kuisha na zilizolala bila kuuzwa, sijaona programu nyingine inayozitoa vizuri hivi. Narudisha mbili. Ya tatu wataipata siku watakayoniandikia tena bila kutaja diski.