Pakiti za shilingi 70 zimeishinda ile ya 350

Nilihamia nyumba ya kupanga Kiamunyi, pembeni mwa Nakuru, mwezi wa pili mwaka jana. Mbele ya mlango palikuwa na kipande cha ardhi, hatua sita kwa tatu, vumbi tupu. Kwenye vitalu vya kando ya barabara niliambiwa mche mmoja wa maua ni shilingi 100, na mimi nilihitaji kama 40. Nikapiga hesabu, nikaenda zangu agroveti.

Nilichukua pakiti tatu za mbegu za maua, shilingi 70 kila moja: zinia, marigoldi na kosmosi. Kisha tamaa ikaniponza. Usiku nikaona kwenye simu picha za petunia zinazoning'inia barazani kama shela la bibi harusi, nikaagiza kwa muuzaji wa mtandaoni. Shilingi 350 pamoja na usafiri.

Mvua ilipoanza kushika mwishoni mwa Machi nikasia. Trei ya mayai usijaribu. Ililowa, ikabomoka mkononi na udongo wote. Pakiti za maziwa za nusu lita, zilizotobolewa chini kwa msumari, ndizo zilizonifaa. Udongo wetu huu wa Menengai, mlima wa volkano hapa jirani, ni mwepesi, maji yanapita tu, kwa hiyo niliuchanganya na samadi iliyooza, karai moja kwa mawili ya udongo.

Zinia zilinishangaza. Siku ya tano zilikuwa zimetoka, na kati ya mbegu 30 nilihesabu miche 26. Kabla ya miezi miwili na nusu kwisha, ua la kwanza lilifunguka, jekundu la kukoza. Ukilikata, shina linatoa matawi mawili na maua mengine. Ubaya wake ni ule unga mweupe unaoshika majani; tangu niache kumwagia juu jioni, umepungua.

Marigoldi mbegu yake ni kijiti cheusi chenye mkia mweupe, kama brashi ya rangi iliyotengenezewa sisimizi. Iliota vizuri, lakini kuku wa mama jirani waliichakura miche kumi asubuhi moja. Aliniletea mayai matatu, tukayamaliza.

Kosmosi nilizikosea mwenyewe. Nilizipa samadi kama mahindi, zikanifika mabegani, majani membamba kama ya karoti, maua ya kuhesabu, halafu upepo wa mchana ukazilaza zote. Awamu ya pili nilizitupa tu kando ya uzio, kwenye udongo mkavu usio na chochote. Huko ndiko zilikochanua mpaka wapita njia wakawa wanasimama.

Sasa petunia. Mbegu zake ni kama ugoro. Ukipiga chafya umepoteza 350. Mara ya kwanza nilizifukia, kumbe zinataka mwanga ili ziote. Hilo ni kosa langu. Mara ya pili nilizinyunyiza juu ya udongo na kuziacha wazi, zikatoka mbili, zikaoza shingo ndani ya wiki. Hapo ndipo nilipoitazama pakiti vizuri: kibandiko cha bei kilikuwa kimebandikwa juu ya tarehe. Nikakikwangua kwa ukucha. Mbegu zilikuwa zimepitwa na muda zamani. Muuzaji alijibu kwamba sikumwagilia vizuri. Nilipomtumia picha ya tarehe, akasoma na kunyamaza.

Zinia sitanunua tena, kwa sababu sina haja. Pakiti yangu haikuandikwa F1, yaani mbegu chotara ambazo watoto wake hawafanani na mzazi, basi niliviacha vichwa vikakauke shinani, nikavipukuchua, na sasa nina bahasha mbili za kaki juu ya kabati. Zilizoota msimu huu zimetoa rangi mchanganyiko, hata ya chungwa ambayo sikuwa nayo. Mama mwenye ploti amekuja na kikombe, nimemjazia. Akauliza kama na petunia ninazo. Nikamwonyesha ile pakiti.