Uchambuzi wa Bima za Alberta: Gari, Nyumba na Biashara Ndogo

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa ninayoichambua leo siwezi kuiweka mezani na kuizungusha mbele ya kamera, kwa sababu ni ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi. Nazungumzia bima zinazouzwa katika jimbo la Alberta, hapa Kanada, ambako wengi wetu tunaozungumza Kiswahili, tuliotoka Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na kwingineko, tunaendesha magari, tunapanga au kununua nyumba, na tunaanzisha biashara ndogo. Huu ninaoushika ni ukurasa wa kwanza wa hati ya bima ya nyumba yangu. Jina na anwani nimevifunika. Naomba mtazame safu hizi mbili za upande wa kulia. Ya kwanza ni kikomo cha fidia, na ya pili ni kiasi ambacho mwenye bima atajilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata senti moja. Sisi huulizana bei ya mwezi tu, ilhali ubora wa bima unaanza kuonekana kwenye safu hizi.

Somo hilo nililipata jioni ya tarehe 13 Juni 2020, mvua ya mawe ilipopiga kaskazini-mashariki mwa Calgary, jiji ninaloishi hapa Alberta, mitaa ambayo wahamiaji ni wengi. Mawe mengine yalikuwa makubwa kuliko ndimu. Mvua ilipokatika nilitoka nje, nikakuta kuta za plastiki za upande uliopokea upepo zimetobolewa kama chekeche, na vigae vya paa vimemwagika bustanini. Hasara zilizolipwa na kampuni za bima kwa dhoruba ile moja zilizidi dola bilioni 1. Kwangu mimi, hati niliyoichagua kwa unafuu wa bei ililipia paa kwa thamani yake baada ya kuchakaa, si kwa gharama ya kuezeka upya, na tofauti hiyo niliilipa kutoka kwenye akiba ya familia. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa waziwazi, ila lilikuwa ukurasa wa tisa, nami nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza peke yake.

Tarehe 5 Agosti 2024 mvua ya mawe ililipiga tena jiji hilohilo, safari hii kwa hasara ya bima ya takriban dola bilioni 3. Kwa hiyo hati nyingi za nyumba siku hizi zina kiasi cha kujilipia kilichotengwa kwa ajili ya mvua ya mawe peke yake, kikubwa kuliko kile cha moto au wizi. Mkiletewa bei nzuri kupita kiasi, ulizeni maswali mawili: paa langu litalipiwa kama jipya au kama lilivyochakaa, na mvua ya mawe ikipiga nitajilipia kiasi gani? Ongezeni la tatu kuhusu maji. Mito ya Bow na Elbow, inayopita Calgary, ilipofurika Juni 2013, wenye nyumba waligundua kwamba mafuriko ya maji yanayoingia kutoka nje hayakuwa ndani ya bima zao. Leo kinga hiyo inauzwa, pamoja na ile ya maji machafu yanayorudi ndani ya nyumba kupitia bomba la chini, lakini zote mbili ni nyongeza ambazo mtu huziomba na kuzilipia.

Wapangaji nao wasijione hawahusiki. Bima ya mwenye nyumba inalinda jengo lake. Kitanda chako, televisheni yako na nguo za watoto wako hazimo. Mwezi Mei 2016, moto wa msituni ulipouzingira mji wa Fort McMurray, kaskazini mwa Alberta, na watu zaidi ya 80,000 wakaamriwa kuhama, mpangaji mwenye bima aliweza kudai gharama za hoteli na chakula kwa siku alizokuwa nje ya nyumba, na asiyekuwa nayo alitegemea misaada na jamaa. Kati ya bidhaa zote ninazozitaja leo, bima ya mpangaji ndiyo ninayoiona kuwa na thamani kubwa kwa bei ndogo.

Nikija kwenye gari, Alberta haifanani na Saskatchewan, Manitoba wala British Columbia, ambako bima ya msingi ya gari hutolewa na shirika la umma. Hapa unainunua kwa kampuni binafsi, na ndiyo maana madereva wawili wa mtaa mmoja wanaweza kulipa bei tofauti kabisa. Sheria inakulazimisha kuwa na kinga ya madhara utakayowasababishia wengine, isiyopungua dola 200,000, pamoja na mafao ya matibabu kwa waliomo garini. Aidha, tangu tarehe 1 Januari 2022, kampuni yako mwenyewe ndiyo inayokulipia matengenezo ya gari lako kwa kadiri usivyokuwa na kosa. Zile sehemu ambazo nyumbani Tanzania zingeifanya iitwe bima kubwa, yaani gari lako likigongwa kwa kosa lako, likiibwa au likipigwa na mvua ya mawe, hapa ni za hiari.

Kiwango cha dola 200,000 nakiona kidogo mno. Mtu mmoja aliyevunjika mgongo akakosa mshahara kwa miaka mingi anaweza kukipita, na kinachobaki kinaweza kudaiwa kutoka kwenye mali yako. Mimi nimechukua milioni 2, na nyongeza ya bei kutoka kima cha chini haikuniumiza. Jueni pia kwamba mfumo wenyewe unabadilika tarehe 1 Januari 2027: majeruhi wengi watapata matibabu na fidia ya kipato kutoka kwenye bima, bila kujali nani alikosa, na nafasi ya kumshtaki aliyesababisha ajali itakuwa finyu zaidi.

Sasa niseme jambo linalonikosesha raha ninapozungumza na vijana wetu. Kijana anakata bima ya gari la matumizi binafsi, kisha jioni anasambaza chakula kwa gari hilohilo au anabeba abiria kwa malipo bila kuiarifu kampuni. Kubeba abiria kwa malipo hakumo katika bima ya kawaida, na kusambaza chakula ni mabadiliko ya matumizi ambayo kampuni ina haki ya kuyajua. Akipata ajali akiwa na mfuko wa chakula kwenye kiti cha nyuma, dai lake linaweza kukataliwa ingawa amelipa kila mwezi bila kuchelewa. Tafadhali, piga simu, sema ukweli, na uombe jibu kwa maandishi.

Hali ni hiyohiyo kwa mama anayesuka nywele sebuleni au anayepika sambusa za kuuza. Bima ya nyumba kwa kawaida haigusi madai ya mteja wa biashara, na vifaa vya kazi hulipiwa kiasi kidogo au havilipiwi kabisa. Anahitaji bima ya dhima ya biashara, yaani ile inayolipa mteja akiumia au mali yake ikiharibika kwa sababu ya kazi hiyo. Kwa biashara nyingi sheria haiilazimishi, lakini mwenye fremu ya duka au kampuni inayokupa kazi ya usafi ataidai kabla ya kusaini mkataba, na mara nyingi atataka kikomo cha dola milioni 2.

Ukiajiri hata mtu mmoja, katika shughuli nyingi unalazimika kujisajili kwenye bodi ya fidia kwa wafanyakazi, inayojulikana kwa herufi WCB. Mchango wake hulipwa na mwajiri, na ni marufuku kuukata kwenye mshahara wa mfanyakazi. Wafanyabiashara wengi hushtuka wakijua kwamba wao wenyewe, kama wamiliki au wakurugenzi, hawamo mpaka wajiombee kinga binafsi na kuilipia.

Kuhusu afya nitasema kwa kifupi: bima ya jimbo haina ada tangu mwaka 2009, lakini kwa watu wengi haigharamii meno, gari la wagonjwa wala dawa za kununua nje ya hospitali, na hapo ndipo bima ya kazini inapohitajika.

Nimebakiza wanaosafiri kwenda Mombasa au Bujumbura mwezi Desemba. Hati nyingi zinasema kwamba nyumba ikikaa bila mtu kwa siku chache mfululizo wakati wa baridi, mara nyingi siku 4, bomba likaganda na kupasuka, hakuna fidia, isipokuwa kama maji yalifungwa na kumwagwa au mtu alikuwa akiingia kuikagua. Someni kama hati yenu inataka nyumba ikaguliwe kila siku au la, kisha mwachieni jirani mnayemwamini ufunguo pamoja na daftari, aandike tarehe na saa kila anapoingia.