Wodi ya watoto njiti katika hospitali moja ya Ibanda, Bukavu

Sifa kubwa ya wodi hii ni kwamba wauguzi wake humweleza mzazi sababu ya kila wanachomtaka afanye. Mdogo wangu alijifungua ujauzito ukiwa na wiki 31, baada ya shinikizo la damu kupanda hadi daktari akaamua mtoto atolewe, na sharti la kwanza tulilopewa mlangoni lilikuwa kunawa mikono hadi viwikoni.

Muuguzi wa zamu alitufafanulia bila haraka. Kingamwili za mama, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma, na nyingi huvuka katika miezi mitatu ya mwisho, kwa hiyo anayezaliwa mapema hivi hutoka kabla ya kupata fungu lake. Shinikizo la damu la ujauzito nalo huweza kupunguza, kwa siku za mwanzo za mtoto, chembe zake nyeupe za damu zinazopambana na bakteria. Aliongeza kwamba malaria inayojificha kwenye kondo huweza kuzuia sehemu ya kingamwili hata kwa mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni. Maelezo hayo natamani yangetolewa kwa uzito huohuo kwenye kliniki za wajawazito, ambako kina mama wengi humeza vidonge vya SP, dawa ya kuzuia malaria, bila kuambiwa kwamba vinamlinda mtoto pia.

Kilichonigusa zaidi ni namna walivyoithamini dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Mtoto alikuwa hajaweza kunyonya, lakini muuguzi alimsaidia mama kuikamua kwenye kikombe kidogo, akaivuta kwa bomba lisilo na sindano, kisha akamdondoshea mtoto matone machache ndani ya shavu, akihakikisha hakuna lililopotea. Mtoto alikaa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, na umeme ulipokatika joto lake halikushuka.

Kasoro zipo. Bomba la maji ni moja tu kwa wodi nzima, na siku ya Jumapili wageni huachwa wajazane kitandani, jambo lisilokubalika kwa watoto wenye kinga changa namna hii. Dalili za hatari, yaani mwili kuwa wa baridi au wa moto, kukataa kunyonya na kupumua kwa shida, zilitajwa harakaharaka siku ya kuruhusiwa. Afadhali mzazi aombe aandikiwe. Vitenge vya kumfungia mtoto kifuani havitolewi, hivyo aje navyo viwili, kimoja kikifuliwa kingine kitumike.