Vifaranga vya perege: bwawa fupi au lenye kina?

Kwa anayefuga perege karibu na Mto Lukuledi, upande wa Mingoyo, swali la kwanza ni kina. Bwawa la maji ya magotini huchimbwa kwa siku chache, jua likitoka maji yanapata moto upesi, na vifaranga wanakula kwa pupa. Perege hupenda nyuzi 25 hadi 30 hivi.

Kasheshe huja Desemba na Januari, joto linapozidi. Lita ya maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika 30 hubaki 7.5 hivi, na hapo hapo samaki anahitaji hewa zaidi kwa kuwa mwili wake unakwenda mbio. Nenda bwawani saa kumi na moja alfajiri: midomo imejaa juu ya maji, wanahema, na pumba ya jana jioni bado inaelea. Kidogo wanachokula kinaishia kwenye kuhema, si kwenye nyama.

Bwawa la mita moja na nusu linakula hela ya vibarua, na kulivua ni kazi. Ila jua la mchana halilichemshi lote, na usiku joto halishuki ghafla. Mimi nachagua hili. Mfuko ukigoma, punguza vifaranga, au fuga kambale, anayeweza kuvuta hewa ya juu hata kwenye tope.