Chizi ya Njombe kwenye sosi ya nyanya na krimu, nimeipikia mara nne

Jamani spageti za sosi ya nyanya na krimu nilishazikatia tamaa, kila nikipika nyumbani sosi inakatika, mafuta yanaelea juu na chizi inajikusanya chini bonge moja la kuvutika kama ulimbo. Kumbe tatizo lilikuwa chizi yenyewe na moto.

Dada yangu alikuwa anarudi Dar kutoka Njombe akaniletea bonge la chizi ya kule, nusu kilo hivi, ya kile kiwanda cha maziwa ambacho Waitaliano wa shirika la misaada la CEFA walisaidia kukianzisha, kwa hiyo ni maziwa ya wafugaji wa Njombe ila ufundi ni wa Kiitaliano. Ukiikata kisu kinazama taratibu, haibomoki, na inanukia maziwa kabisa. Kwenye grata inatoka nyuzi laini, iweke friji kwanza nusu saa isikunatie.

Kabla ya hapo nilikuwa nanunua ile iliyokwaruzwa tayari kwenye pakiti, supamaketi fulani hapa mjini. Geuza pakiti usome nyuma, nyingi wamezichanganya na wanga ili nyuzi zisigandane, sasa huo wanga ndio unaifanya isiyeyuke vizuri, na hela yako ushatoa!

Mimi napika hivi, watu wanne: kitunguu maji kimoja na saumu punje tatu kwenye mafuta, natia nyanya ya kopo vijiko viwili naikaanga mpaka ikolee na mafuta yajitenge, kama unavyofanya kwenye mchuzi wa nyama, usiharakishe hapa maana ukali wa nyanya ya kopo unaishia hapo hapo. Halafu nyanya mbichi sita zilizosagwa, zichemke mpaka maji yapungue, dakika 20 hivi. Napunguza moto, naweka krimu ya kupikia nusu kikombe. Krimu sio maziwa, tafadhali, maziwa yakikutana na uchachu wa nyanya kwenye moto yanakatika, krimu ina mafuta mengi ndio maana inahimili.

Sasa chizi. ZIMA JIKO kwanza. Mimina upawa mmoja wa maji yaliyochemshia spageti, yale meupe meupe yenye wanga (huu wanga wa spageti ndio unashikisha mafuta na maji visiachane), kisha chizi gramu 100 kidogo kidogo huku unakoroga. Ikichemka na chizi ndani imekwisha, inagandana na mafuta yanatoka.

Hii ya Njombe iliyeyuka yote, sosi ikageuka kutoka nyekundu hadi rangi ya embe bivu, nikapitisha kidole nyuma ya mwiko mstari ukabaki pale pale haukujifunga. Mwanangu mdogo ambaye nyanya huwa anazitenga pembeni alirudia sahani.

Chumvi onja mwishoni kabisa, chizi ina chumvi yake. Kama unataka ya kunyunyizia juu yenye ukali kama Parmesan (ile chizi ngumu ya Kiitaliano) hii sio yenyewe, hii ni laini, kazi yake ni kuyeyuka. Bei iko juu kuliko ya pakiti lakini gramu 100 inatosha familia, kwa hiyo nusu kilo ni mapishi matano. Iliyobaki ifunge kwenye karatasi ya kuokea halafu ndio uweke kwenye kontena, ukiifunga nailoni tupu inatoa jasho na kuota ukungu haraka.

Kwangu ni 9 kwa 10, na dada nimeshamwagiza kilo nzima.