Povu la buluu kwa bawa la ndege: nyota nne, moja nimeizuia

Kazi yangu ni faibaglasi ya maboti. Miaka kumi na sita naziba matumbo ya maboti ya wavuvi na ya watalii hapa Malindi. Mwaka jana mteja wangu mmoja, Mtaliano mstaafu, alinijia na ramani za ndege ndogo ya watu wawili, ya kujijengea nyumbani. Ni mtindo alioutoa mbunifu wa ndege Burt Rutan kule Marekani, ndege yake VariEze iliporuka mara ya kwanza mwaka 1975: bawa limechongwa kwa povu, likavikwa faibaglasi. "Fundi, boti na ndege ni ndugu," akaniambia. Undugu upo, ila wa mbali.

Nilianza na lile povu jeupe la vidonge, la masanduku ya samaki, kwa kuwa limejaa tele. Nikalikata kipande cha majaribio, nikalaza kitambaa cha faibaglasi, nikapaka resini yangu ile ile ya maboti, nikaenda kuswali adhuhuri. Kurudi, kitambaa kimebonyea kama shuka juu ya shimo. Resini ya poliesta ina staireni, na staireni hula stairofomu yoyote, ya bure au ya pesa nyingi, na hilo povu jeupe ni stairofomu. Aliyeniuzia na kuniambia "resini ni resini" simtaji. Tangu siku hiyo ni epoksi tu, resini isiyo na staireni. Na hata kwa epoksi jeupe sikulirudia: likivunjika linamwaga vidonge, na baina ya kidonge na kidonge maji hupata njia.

La buluu nalo ni stairofomu, lakini kiwandani husukumwa likatoka kama tambi, vitundu vyake vimefunga, maji hayapiti. La mabawa haya lina uzito wa kilo 32 hivi kwa mita moja ya ujazo. Linakatwa kwa waya wa moto, na hapo ndipo nililipenda. Unabandika kigezo cha mbao huku na huku, umbo la bawa, kimeandikwa namba pembeni. Mimi nashika upinde wa waya upande huu, mpwa wangu upande ule, mmoja anaita: "Saba... nane... tisa..." ili waya ufike namba moja kwa wakati mmoja. Mpwa wangu alipoharakisha kwenye ncha ya mbele, ambako ni kupinda tu, sehemu ya katikati ya waya ikabaki nyuma na kutuachia bonde. Tulilijaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa vipira vya kioo, ule mwepesi kama majivu. Kipande cha pili kilitoka laini.

Nyota niliyoizuia ni ya unene. Mbao za povu hili la buluu nilizopata Mombasa ni zile za vyumba vya baridi, nyembamba, kwa hiyo lazima uzigundishe ziwe pande moja. Waya wa moto haukati epoksi iliyokauka. Ukiikuta unasita, kisha unaruka. Weka gundi madoa madoa, mbali na njia ya waya. Vitundu vyake pia ni vidogo kuliko vya yale mapande makubwa ya ndege, kwa hiyo ngozi ya faibaglasi haishiki vile vile. Mbao hizo tumezitumia kujifunzia tu. Pande la bawa lenyewe mzee ameliagiza nje.

Povu la yurethani tumelitumia kwenye mwili wa ndege. Linachongeka kwa kisu cha jikoni, na kipande chake chenyewe kinafanya kazi ya msasa. Vumbi lake linawasha mpaka shingoni. Usilipitishie waya wa moto hata kidogo: moshi wake ni sumu. Petroli hailifanyi kitu, ndiyo maana kuta za tangi hujengwa kwa hilo au kwa Divinycell, povu la plastiki ya PVC, ambalo sisi watu wa maboti tunalijua. Hilo ni gumu, zuri, na bei yake inakausha koo.

Rangi ni nyeupe, hakuna mjadala. Jua letu la saa saba likipiga rangi nyeusi, povu na epoksi hulegea.

Na ukisafirisha la buluu kwa lori, simama uangalie linavyopakiwa. Ubao wangu mmoja ulifika na tundu la upana wa sahani, safi kama limekatwa kwa mashine. Juu yake palikuwa na jerikeni ya petroli iliyokuwa ikivuja.