Siku moja ziwani: Naivasha au Mbita?

Kwa anayetoka Nakuru asubuhi, Naivasha ndiyo rahisi: matatu ni nyingi, na kabla ya adhuhuri mtu huwa amekwisha kukodi baiskeli na kuingia Hell's Gate, mbuga ambamo mtu hana haja ya gari ili kupita kando ya pundamilia. Ziwani, mashua husogea karibu na viboko. Karibu mno, kwa maoni yangu.

Mbita, mji ulio kando ya Ziwa Victoria, hudai subira, kwani wanaotoka Kisumu huenda kwanza Luanda Kotieno kupanda feri. Hata hivyo, ng'ambo ya daraja kipo kisiwa cha Rusinga, alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya mwaka 1969, na ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alivumbua fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Nami huichagua Mbita kwa sababu ya samaki aina ya ngege, mzima, mkavu mkiani, anayeletwa na ugali wa mtama ungali ukifuka moshi.